Mwanangu Aliyeotwa na Kila Mtu

Assalamu alaykum, ndugu zangu! Mlioko hapa Kismayu, mlioko Mombasa, mlioko kambini, na nyinyi mnaotetemeka kwa baridi huko Ulaya, nisaidieni kumshukuru Mola! Semeni Alhamdulillahi. Semeni tena, hiyo ya kwanza ilikuwa ya usingizi.

Mimi mnanijua. Ni yule mama asiyetoka. Harusini hufika siku ya mwisho, sokoni humtuma mtoto. Tangu tulipohama kisiwa chetu cha Kudha tukaja mjini, nimekaa barazani kwangu hadi mkeka umechukua umbo langu. Sekondari nilifundishwa ramani ya dunia nzima nikaijua, lakini njia ya kwenda bandarini mpaka leo naulizia.

Lali ndiye kifungua mimba wangu. Alipomaliza shule alikuwa na milango miwili. Mmoja ni chuo hapa hapa mjini. Wa pili ni kaka yangu Shee, fundi wa mashua, aliyemtaka pwani hata kesho. Shee hakujaliwa mtoto wa kiume, na mgongo wake umeanza kumnung'unikia. Tukamwuliza Lali: chuo au kazi? Akasema, "Sijui." Tukamwacha, tukamwuliza tena. "Sijui, Mama." Baba yake, ambaye maisha yake ni kuvua na kulala, alisema, "Mwulize mama yako," akaenda zake baharini.

Ndugu zangu, "sijui" ya kijana wa huku si kitu cha kuchezea! Wawili aliosoma nao walisema "sijui" hivyo hivyo, kisha wakaondoka kwa tahribu, ile safari ya magendo ya kupita jangwani kuitafuta Ulaya. Mmoja alipiga simu akiwa njiani. Wa pili, mama yake bado anaisubiri simu. Basi Lali, mtoto aliyekuwa akizungumza hata na kuku, alipoanza kukaa kimya, moyo wangu haukupata pa kutua.

Nikafanya tufanyalo sisi. Nikaswali istikhara, nimwombe Mola anionyeshe njia ya mwanangu, nikalala nikingoja ndoto. Na kwa kuwa katika ukoo wetu hakuna anayemwachia mwenzake kazi ya kuota, Shee naye akaswali yake, na wifi yangu Mwanaisha yake. Asubuhi tukakutana kwangu kwa chai.

"Nimemwona ameshika tezo, anachonga ubao wa mashua," akasema Shee. "Wazi kama mchana!"

"Tezo gani?" Mwanaisha akadakia. "Mimi nimemwona ndani ya nguo nyeupe, nyeupe pe! Daktari huyo!"

"Daktari wa nini, mashua?"

"Wa mgongo wako, Bwana Shee!"

Wakanigeukia mimi. Ndugu zangu, mimi niliota mbuzi anakula leso yangu.

"Mchu mzima wee," Mwanaisha akaniambia kwa Kibajuni chetu, "ulilala na njaa tu."

Tulicheka mpaka chai ikapoa. Lali ndiye aliyekuwa akitumiminia, na hakucheka. Kila siku zikaja ndoto mpya. Bibi wa nyumba ya pili akamwota juu ya farasi. Mtoto akawa anatembea ndani ya ndoto za watu kama mgeni asiyeambiwa choo kiko wapi.

Asubuhi moja nikaita, "Lali!" Nikaita tena. Nikatazama msumarini ninapotundika begi langu: halipo.

Yaa Rabbi! Mimi nisiyetoka nilitoka! Sikumbuki kufunga mlango. Nilisimamisha bajaji kwa mikono miwili, nikamwambia dereva, "Nipeleke panapoondokea magari ya safari!" Akauliza, "Magari ya wapi, mama?" Nikamwambia, "Ya mbali, na usiniulize tena!" Njia nzima nilikuwa nasoma kila sura niliyoihifadhi, na nyingine nikazichanganya.

Nikamkuta. Subhanallah, nikamkuta! Alikuwa ameketi juu ya tairi bovu, begi mapajani, gari mbele yake likijaza abiria. Akaniinulia macho, kisha akatazama miguu yangu.

"Mama, umevaa ndara yangu moja."

"Na wewe umebeba begi langu. Unakwenda wapi?"

"Sijui," akasema. "Nilitaka kufika mahali ambapo hakuna mtu aliyeniota."

Ndugu zangu, nilikuwa na hotuba nzima kichwani. Mola aliifuta yote! Nikaketi juu ya lile tairi, gari likajaa, likaondoka bila yetu. Ndipo nikamwambia, "Basi tuache kulala. Twende tukaone kwa macho, pwani na chuoni."

"Wewe, Mama? Utoke?"

"Kwani hapa niko barazani?"

Tukaanza pwani kwa Shee. Nilikaa juu ya gogo na mwavuli wangu, jua likanitambua kama mgeni. Lali alipewa kukalafati, kushindilia pamba katikati ya mbao maji yasipite. Mikono yake, mashallah, ilikuwa mizuri, hata Shee alisahau mgongo wake kwa furaha. Lakini tulirudi nyumbani kimya kama tulivyokwenda.

Siku ya pili, chuoni. Walimruhusu aingie kutazama madarasa, nami nikabaki kwenye benchi langoni nikisinzia. Adhuhuri akatoka mbio.

"Mama! Kumbe barafu haitiwi baridi! Joto ndilo linatolewa! Kuna darasa la ufundi wa majokofu, wamefungua mashine nikaona tumbo lake! Samaki wa Baba wanaoza kwa nini? Mashine ya barafu ikifa, fundi anatoka mbali. Sasa fikiri, Mama..."

Alizungumza hadi dereva wa bajaji akapitiliza nyumba yetu, naye akiuliza maswali. Mtoto wangu alikuwa amerudi. Nikauma ulimi nisimwamulie. Nikamwambia tu, "Wewe ndiye mwenye haja. Swali istikhara yako mwenyewe."

Akaswali. Asubuhi nikashindwa kuvumilia. "Umeota nini?"

"Sijaota kitu. Nimeamka tu, nataka kwenda chuoni."

Palibaki kumwambia Shee. Lali alikwenda mwenyewe, hakunituma mimi, akasema mbele ya mafundi wote. Shee akapangusa tezo lake kwa kitambaa, akalipangusa tena na lilikuwa safi. "Nilikutaka kwa ajili ya mgongo wangu, mjomba," akasema. "Nenda, Mola akufungulie njia. Lakini siku ya kushusha mashua majini, nikuone kwenye kamba pamoja na watu." Ndugu zangu, nina kaka! Mtu aliyepoteza msaidizi wake akamwombea dua aliyemwacha!

Mwanaisha yeye hakupoteza kitu. "Mlinicheka na nguo nyeupe ya ndoto yangu. Haya, jokofu lina rangi gani?"

Mbuzi wangu na leso yake hadi leo hawajapata tafsiri.

Enyi wenye vijana walionyamaza, mtegemeeni Mola, hamtupi mja wake! Waombeeni usiku na mchana, lakini wapeni na wao nafasi ya kuomba. Nanyi mkiweza, tokeni. Hata kwa ndara zisizolingana, tokeni.

Mwanangu sasa anasoma, na hanyamazi. Anaeleza mabomba na gesi wakati wa chakula, ananifuata jikoni, ananieleza nikilala mchana. Jana nilichoka nikasema, "Ya Rabbi, mnyamazishe kidogo!" Kisha nikashtuka, nikainua mikono haraka: Ya Rabbi, hiyo usiijibu. Usiijibu kabisa. Amin.