Fundi Kipimo na Buti Lisilofunguliwa

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, Fundi Kipimo atanawa mikono kwa sabuni ya unga kwenye sinki la karakana yetu kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kuvua na kuvisha matairi. Mhariri wa jarida hili amenipa ukurasa mmoja na nusu na kuniomba nisitie chumvi nyingi. Nimekubali. Lakini kuna jambo lazima nilitie, chungu au tamu, na ni vizuri mlijue mapema.

Mnafahamu desturi yetu. Mstaafu husomewa kumbukumbu zake za utumishi mbele ya watu wote, na afisa utumishi wetu haruki hata nukta. Katika faili la Kipimo kuna mstari mmoja wa miaka kumi na mmoja iliyopita: onyo la uzembe, gari la mkunga. Mstari huo ndio uliomkosesha usimamizi wa karakana. Ijumaa mkewe na binti zake watatu watakuwa safu ya mbele wakisikiliza. Sitaki wausikie, kwa sababu si wake. Nitaeleza ni wa nani, ila kwanza tumzungumzie mwenyewe.

Aliingia hapa akiwa kijana mwembamba wa kuziba pancha, na ofisi yake ilikuwa beseni la maji nje ya geti. Ndani ya mwaka mmoja alikabidhiwa mashine ya kuvulia matairi, na miaka sita baadaye akawa fundi mkuu wa kitengo. Jina la Kipimo alilipata mapema, kwa sababu kipimo cha upepo kilikuwa hakimtoki mfuko wa shati. Madereva wengi hulipiga tairi teke wakaridhika. Yeye akiona hivyo anacheka tu na kusema, “Teke halina namba.” Mkewe amenisimulia kwamba hata siku ya harusi yao alilipima gari la maharusi, magurudumu yote manne, amevaa suti, bibi harusi amekaa ndani anasubiri. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limepungua. Mama wa watu bado analikumbuka gurudumu lile kuliko keki.

Kisha zikaja ranflati. Kwa wenzetu wa stoo na ofisini, ranflati ni tairi lenye mbavu ngumu kiasi kwamba hata likitoboka na upepo ukaisha wote, linaendelea kulibeba gari kwa mwendo wa taratibu, kilomita themanini hivi, mpaka umpate fundi. Ndiyo maana magari mengi yanayotoka kiwandani na matairi hayo hayana tairi la akiba. Wala jeki. Chini ya zulia la buti kuna sponji na bati tupu.

Ya kwanza kufika kwetu ilikuwa ya daktari wa meno. Alikuja anaendesha kama kawaida, analalamika tu kwamba taa ya njano imewaka kwenye dashibodi. Tukalitazama tairi, limesimama vizuri, halina neno. Kipimo akachomeka kipimo chake, kikasoma sifuri. Akakitikisa, akarudia, sifuri. Akaenda kukijaribu kwenye lori la mchanga lililokuwa linasubiri, ajue kama kimekufa. Hakikuwa kimekufa. Kulivua tairi lile kulimchukua saa moja na robo, kazi ambayo kwa tairi la kawaida anaimaliza kabla chai haijapoa. Mbavu ziligoma, upau wa chuma wa kubandulia ukamponyoka, ukaruka hadi dirishani na kuivunja chupa ya chai ya mhasibu. Mhasibu alihamia chumba cha pili siku ileile.

Haukupita muda, wateja wenyewe wakaanza kuzikimbia. Bei juu, kuzipata shida, na ugumu wake ni wa kiunoni: kila shimo la barabarani unalihesabu kwa mgongo. Wakaanza kuomba wavuliwe ranflati na kuvishwa matairi ya kawaida. Kazi hiyo Kipimo alijifunza mwenyewe, kwa makosa na kwa kuuliza. Hakubali kubadilisha mawili na kuacha mawili, hata mteja alie. Taa ya onyo ya upepo anairekebisha, gari analiendesha mwenyewe kuzunguka mtaa, anarudi anapima tena.

Mkunga alikuja katika miezi hiyo. Mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwaambia watu wasukume na wakasukuma. Gari lake alilinunua likiwa limetumika, lina ranflati, na miaka miwili ya kuzunguka kwa wajawazito kwenye barabara za mawe ilikuwa imemmaliza kiuno. Kipimo akambadilishia yote manne. Mama akaenda kulijaribu, akarudi anacheka, akasema ni kama barabara imetengenezwa wakati amekaa benchi kusubiri.

Wiki tatu baadaye, mchana, aliitwa kwa mama mmoja aliyekuwa na uchungu, mbali na lami. Njiani tairi la nyuma likachomwa na chuma. Taa ya onyo ikawaka. Yeye, kwa mazoea ya miaka miwili, akaendelea kwenda, kwani si ndivyo matairi yake yalivyokuwa yakifanya siku zote? Haikufika kilomita moja, tairi lilikuwa limechanika vipande na rimu inasaga mawe. Akashuka, akafungua buti atafute tairi la akiba. Akanyanyua zulia. Sponji na bati tupu.

Alipakiwa na lori la matofali, akakaa juu ya matofali na mkoba wake mapajani. Alichelewa dakika hamsini. Mtoto alikuwa ameshazaliwa mikononi mwa bibi yake na analia kwa nguvu, lakini mama yake alikuwa anatokwa na damu nyingi. Mkunga alimwahi. Yeye mwenyewe alituambia kwamba nusu saa nyingine asingemwahi, na alituambia akiwa amesimama katikati ya karakana, vumbi la matofali bado liko kwenye sketi, sauti imeshuka. Ile sauti ya chini ilitutisha kuliko makelele.

Sasa nifike penyewe. Gari likiingia kwetu hujaziwa fomu ya mapokezi. Ina orodha ya vitu: redio, wipa, jeki, spana, tairi la akiba. Mtu wa kaunta anatakiwa anyanyuke, alizunguke gari pamoja na mteja, afungue buti, aone, ndipo aweke alama ya vema. Siku ya mkunga kulikuwa na foleni mpaka getini. Mtu wa kaunta aliweka alama zote kwa mkupuo mmoja akiwa amekaa kitini, kwa sababu tangu azaliwe hajasikia gari lisilo na tairi la akiba. Kipimo akaisoma fomu, akaiamini, akafanya kazi yake.

Mtu huyo wa kaunta ni mimi.

Nilikuwa katika mwezi wa pili wa majaribio, sijathibitishwa kazini, na nina mimba ya miezi mitano niliyokuwa naificha ndani ya koti la kazi la saizi kubwa. Meneja wa wakati ule alituita sote asubuhi iliyofuata. Fomu ilikuwa mbele yake mezani, imefunikwa. Kabla hajaigusa, Kipimo akasimama. Nayanukuu maneno yake kama yalivyo, maana nimekaa nayo miaka yote hii: “Anayevua tairi ndiye anayepaswa kujua akiba yake iko wapi. Sikufungua buti. Kosa ni langu.” Meneja akaiingiza fomu kwenye faili bila kuisoma. Barua ya kumfanya Kipimo kuwa msimamizi ilikuwa imeshachapwa, inasubiri sahihi tu. Ilichanwa wiki ileile.

Mimi nilinyamaza. Mkao wangu kwenye kile kiti naukumbuka hadi leo, na naona aibu kuuandika. Mchana Kipimo alipita kaunta, akaniambia niende nikale, mtu wa hali yangu hakai na njaa. Hapo nikajua ameyajua yote mawili, alama za vema na mimba.

Jioni hiyo alichukua rimu mpya, tairi na jeki, akapanda pikapu pamoja na mkunga mpaka lilipokwama gari lake. Akalivisha palepale kwenye mawe. Mkunga alimsema nusu saa nzima, naye akasikiliza amechuchumaa. Alipomaliza kusemwa, akalivua gurudumu alilotoka kulifunga, akamkabidhi mama spana, akamwomba alifunge yeye. Mama alirudia mara tatu hadi akaweza. Tangu siku hiyo mkunga hajapeleka gari kwa fundi mwingine, na ametuletea dada zake wote na wakwe zake.

Kutoka hapo ndipo ilipozaliwa ile kanuni inayowachosha wateja wetu. Ukitaka kuvua ranflati na kuvaa matairi ya kawaida, Kipimo anafungua buti kwanza, mbele yako. Kama hakuna tairi la akiba, linatafutwa na kufungwa kwa mkanda lisirukeruke, na jeki na spana vinakaa pembeni yake. Kisha hupewi ufunguo mpaka ubadilishe gurudumu moja kwa mkono wako, uani, yeye akikuangalia. Hakimu mmoja alilibadilisha amepiga goti, tai ameitupia begani, karani wake anamshikia koti. Mwalimu mstaafu wa kike alimaliza kwa dakika kumi na moja, akamuuliza Kipimo kama kuna mtihani mgumu zaidi. Mameneja wawili wamejaribu kuifuta kanuni hiyo kwa sababu ya foleni. Yeye huwajibu kwa adabu kwamba foleni haijawahi kumwacha mtu porini.

Siku moja tu nilimwona imemshinda. Aliyekuja alikuwa mama mkwe wake. Kanuni ni kanuni, lakini nani amwambie mama mkwe apige magoti chini ya gari? Kipimo alikwenda kusimama nyuma ya rundo la matairi, ametupa mgongo, akaniachia mimi usimamizi, huku akiuliza kwa sauti kila baada ya dakika kama mama ameshalegeza nati kabla ya kunyanyua jeki. Mama alikuwa ameshalegeza. Alimjibu mkwewe kwamba yeye alianza kubadilisha magurudumu ya baiskeli kabla baba yake Kipimo hajaoa. Tulicheka hadi mashine ya upepo ikazimwa.

Mafanikio yake yako ukutani kwa wanaopenda vyeti: mfanyakazi bora mara nne, mafundi kumi na tisa aliowafundisha, wawili kati yao wana karakana zao. Kwangu mimi cheti chake kikubwa hakipo ukutani. Mwanangu ana miaka kumi sasa, amelelewa kwa mshahara wa kazi ambayo ningeipoteza asubuhi ile.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa afisa utumishi nikamwomba atoe fomu ya gari la mkunga. Ilikuwapo, imepauka, na alama zangu za vema zimelala upande mmoja vilevile ninavyoziandika mpaka leo. Akazilinganisha na za wiki ile. Nikaandika maelezo yangu, kurasa tatu, nikatia sahihi.

Kwa utaratibu, rasimu ya wasifu huu ilipelekwa kwa mstaafu akague tarehe. Aliirudisha siku hiyohiyo. Tarehe moja alikuwa ameisahihisha. Aya zote za fomu na kikao alikuwa amezikata kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameandika: “Dada, haya yaache, tulishayamaliza.” Kisha kwa siku mbili akawa ananipita kaunta bila kunisalimu, jambo ambalo halijatokea miaka kumi na mmoja.

Kaka, mimi sikuwa nimeyamaliza. Nimezirudisha aya zote, na nuna utakavyonuna.

Jana afisa utumishi aliniita nisome kurasa mbili. Moja ni yako. Ule mstari umefutwa, na juu yake pana muhuri na sahihi ya meneja. Nyingine ni yangu, na sasa ina onyo moja la uzembe, gari la mkunga. Nililisoma mara mbili kwa sauti, nikatia sahihi, nikatoka nje nimenyooka kama sijawahi kunyooka humu ndani. Meneja amesema pia kwamba Ijumaa, kabla ya kumbukumbu, atasoma ile barua ya usimamizi, imechapwa upya kwa tarehe yake ya zamani. Haitakupa kiti tena, kaka, hilo tumechelewa na nakuomba radhi mbele ya wasomaji wote. Lakini wanao watajua kilichopaswa kuwa chako.

Tunakushukuru kwa miaka thelathini na mitatu, kwa mikono iliyopasuka, na kwa kila mtu aliyefika alikokuwa anakwenda. Heri na afya ziwe nawe na mkeo, mzeeke pamoja bila haraka. Na Ijumaa wakianza kulisoma faili lako, usiinamishe kichwa kama ulivyozoea kila panapotajwa mwaka ule. Watazame binti zako, usikilize hadi mwisho.