Benadetha Kalisti, Aliyepima Maji ya Hyattsville

Dada yetu Benadetha Kalisti, tunayemsindikiza leo hapa Laurel, Marekani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1976 katika kijiji cha Kishanda, Muleba, mkoani Kagera. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Kalisti na Mama Adela. Nyumbani kwao mtoto aliyejisifu mezani aliambiwa anyamaze ale. Chema chajiuza, Mama Adela alikuwa akisema, kibaya chajitembeza.

Alimaliza kidato cha sita Bukoba mjini mwaka 1996, mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia. Mwaka 1999 alimfuata kaka yake Gervas Marekani, akapata kazi ya kutunza wazee Hyattsville. Bibi mmoja pale alikataa kula kama si Benadetha aliyeshika kijiko. Tarehe 16 Juni 2001 alifunga ndoa na Isack, dereva wa teksi wa mji jirani wa Alexandria, na mwaka uliofuata Mungu akawajalia binti, Agripina.

Kanisani kila mtu alimshauri asome uuguzi, maana ndiko wenzake walikokimbilia na kazi haikosekani. Yeye aling'ang'ania kemia. Mwaka 2003 alianza community college, chuo cha miaka miwili, akitoka zamu anakwenda darasani, na maharage mengi yaliungulia jikoni mwenyewe akiwa kitabuni. Huko alibuni utafiti wake: kupima maji ya mabomba katika nyumba za kupanga za mtaani kwao, kuona kama yana madini ya risasi. Wanafunzi wawili walimsaidia kubeba chupa, na mwalimu wake akawafungulia maabara.

Ndipo alipoomba kuhamia chuo kikuu kimoja cha jirani, chuo kinachochagua wanafunzi kama mtu anayechambua mchele wa harusi. Machi 2005 aliitwa kwenye usaili. Maprofesa walimuuliza utafiti ule ulikuwa wa nani. Akajibu kwa adabu kwamba mwalimu ndiye aliyewaongoza, wenzake walifanya kazi kubwa, na Mungu alisaidia. Wakamwamini. Hakuchukuliwa.

Inatuuma hadi leo. Alijishusha kama alivyolelewa, na watu wale na elimu yao yote hawakufikiria kumuuliza mara ya pili. Mwalimu wake alipiga simu kueleza kwamba utafiti ulikuwa wa Benadetha, akaambiwa uamuzi umeshatoka.

Mwaka uliofuata aliomba tena. Isack alimfanyisha mazoezi jikoni kila alipopata nafasi. "Mama Agripina, hii ni interview, si ukweni," alimwambia. "Sema ulifanya wewe."

Benadetha alicheka, akasema hilo haliwezi, ni kama kujitembeza sokoni. Akaenda, akamsifu mwalimu tena, akakosa tena. Gervas alimgombeza kwa simu siku ile, na yeye akamsikiliza mpaka mwisho bila kujitetea.

Mwishoni mwa 2006 alianza kuchoka na kuumwa tumbo. Alidhani ni zamu. Februari 2007 madaktari waligundua saratani ya ovari, nayo ilikuwa imeshasambaa. Alipokea matibabu kwa utulivu zaidi kuliko sisi, na vitabu vya kemia aliendelea navyo mpaka macho yalipokataa.

Wiki yake ya mwisho hospitalini, daktari mgeni aliingia na kumuuliza anafanya kazi gani. Isack alifungua mdomo aseme anatunza wazee, lakini mkewe alimtangulia.

"Mimi ni mwanakemia," alisema. "Maji ya mtaa wetu niliyapima mimi."

Hakumtaja mwalimu wala wenzake. Isack alitoka nje ya chumba akalia. Kauli ile waliifanyia mazoezi jikoni mwaka mzima, na siku ilipotoka hapakuwa na profesa hata mmoja wa kuisikia. Benadetha alifariki tarehe 9 Agosti 2007, saa kumi na moja alfajiri.

Ameacha mume, Isack, binti, Agripina, wazazi wake, Mzee Kalisti na Mama Adela, walioko Muleba, kaka yake Gervas na ndugu wengine, na bibi wa Hyattsville ambaye bado anamuulizia.

Mwanakemia wetu, lala kwa amani.