Mzee Gramu na Kiti cha Pili

Baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kukunja mabomba ya vitanda vya hospitali, mkuu wa sehemu yetu ya ukunjaji anastaafu rasmi Ijumaa ya mwisho wa mwezi huu. Jina lake kamili limo kwenye mafaili ya utumishi na huko ndiko litakakobaki, maana humu kiwandani, kuanzia kwa meneja hadi kwa mlinzi wa getini, hakuna anayemwita vingine ila Mzee Gramu. Ofisi imeniomba mimi, fundi wa mashine ya kukerezea vyuma, niandike wasifu wake kwa kuwa tumefanya kazi meza jirani kwa miaka ishirini na sita. Imeniomba pia nisizidishe ukurasa mmoja, na nisilete mambo ya kuhuzunisha. Nimejitahidi. Yote mawili yamenishinda.

Aliingia hapa akiwa mpakiaji wa vitanda kwenye malori. Mwenyewe husema kwamba ukibeba vitanda sitini kwa siku, mgongo unakuwa mwalimu. Alipohamishiwa kwenye mashine ya kukunja mabomba alikuja na swali lake moja tu, nalo hakuliacha mpaka leo: hiki chuma kipo hapa kwa kazi gani? Kama hakina kazi, kitoke. Kile kitanda chetu ambacho muuguzi mmoja anakisukuma peke yake koridoni bila kuita mtu, ni chake. Machela tunayoiuza kuliko zote ni yake pia, pungufu kwa kilo nne kuliko ile ya zamani, na haijarudishwa hata moja kwa kuvunjika.

Hilo jina la Gramu alilipata kwa haki. Mkono wake ulikuwa mizani. Katibu muhtasi wetu alipojifungua, tulikwenda kumpongeza, na Mzee Gramu akampokea mtoto, akamtikisa kidogo, akatangaza kilo tatu na gramu mia mbili. Baba mtoto akakimbilia kadi ya kliniki. Kilo tatu na gramu mia mbili, jamani! Siku nyingine alimrudishia mpishi wa kantini sahani ya wali akidai imepungua gramu ishirini, na mpishi, mama asiye na mchezo, akamwambia basi aongezee na kijiko chake mwenyewe. Walinuniana wiki nzima. Leo mpishi huyo ndiye anayelia kuliko sisi wote, ingawa anasingizia vitunguu.

Sasa nifike kwenye gari, kwa sababu huwezi kumweleza mtu huyu ukaacha gari lake.

Mkewe, shemeji yetu, ana tatizo ambalo wengi wenu mnalijua. Harufu ya petroli au dizeli ikimfika puani, anatapika, na hatapiki kidogo. Mama yake mzazi alikuwa akiishi kilomita mia moja na kumi kutoka hapa. Kwa basi, shemeji alikuwa akifika kwa mama yake akiwa hoi, analala siku mbili, siku ya tatu anaanza kuogopa safari ya kurudi. Mwishowe akawa anakwenda mara moja kwa miaka miwili, halafu hata hiyo ikakatika. Ndipo miaka tisa iliyopita Mzee Gramu akaapa mbele ya mama mkwe wake kwamba atatengeneza gari la umeme, lisilo na moshi wala harufu, na atamletea binti yake akiwa anacheka.

Kwa mama mkwe hakukuwa na umeme. Kwa hiyo gari lilipaswa kwenda na kurudi, kilomita mia mbili na ishirini, kwa chaji moja. Magari ya dukani yanayoweza hivyo yapo, lakini kwa mishahara ya sisi tunaonuka grisi ni ya kuyapungia mkono tu yakipita. Alilazimika kulijenga mwenyewe, nyuma ya nyumba, chini ya banda la mabati. Na hapo ndipo uzito ulipokuwa kila kitu. Gari zito linataka betri nyingi. Betri nyingi ni uzito mwingine na gharama nyingine. Uzito huo nao unataka betri tena. Njia ya maskini, alisema, ni moja tu, nayo ni kupunguza. Akaandika kwenye daftari lake: gari tupu na betri zake lisizidi kilo mia tatu na arobaini, kisha yeye, kisha mke wake. Likizidi hapo, hawarudi.

Basi alipunguza! Fremu aliikunja kwa mabaki ya mabomba ya vitanda, kwa kibali cha ofisi. Mota aliitoa kwenye pikipiki ya umeme iliyogongwa, betri akaziokota kwenye pikipiki nyingine zilizokufa, akizichagua moja moja kama mtu anayechambua mchele. Milango ni turubai. Vioo ni plastiki. Hata usukani aliutoboa matundu. Sisi tukaliita gari lenyewe Kitanda, na mlinzi kila akiliona akauliza mgonjwa yuko wapi. Mzee Gramu alicheka pamoja nasi, kisha akarudi kwenye daftari. Kila kipande kilipita kwenye mizani ya jukwaa iliyo nyuma ya karakana, ile tunayopimia vyuma chakavu, maana ndiyo pekee iliyokuwapo.

Hapa naomba msomaji anivumilie. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha.

Mwaka mmoja kabla ya gari kuanza, jiwe la mizani hiyo, lile linaloning'inia kwenye mkono wake na kuteleza, lilipotea wakati wa kuhama jengo. Aliyekereza jipya ni mimi. Nililipima likatimia kilo moja kamili kama lile la zamani, nikaridhika, nikapiga alama ya jina langu chini yake kwa majivuno. Kisha nikatoboa tundu la kulabu ya kulitundikia, tundu nene la kupita juu hadi chini, nikalitundika na kwenda kunywa chai. Miaka yote hiyo ya ufundi, na nikasahau kwamba tundu nalo lina uzito wake. Jiwe lilibaki na gramu mia tisa na kumi. Jiwe likipungua, inabidi kulisogeza mbali zaidi ili mkono wa mizani usimame sawa, na mizani inasema kitu ni kizito kuliko kilivyo. Tangu siku hiyo, kila kitu kilichopanda pale kiliongezewa karibu sehemu moja ya kumi. Mzee anayenunua vyuma vyetu chakavu alikuwa akilalamika kila mwezi kwamba mzigo haufiki, nasi tukamwita mwizi. Hakuwa mwizi. Baba, tuwie radhi.

Lakini kosa la kutoboa bado ningeweza kulibeba. Lisilobebeka ni hili. Siku Mzee Gramu alipopima fremu ya mbele, mkono wake ulimwambia kilo kumi na nane na mizani ikamwambia karibu ishirini. Alikuja kwenye mashine yangu, kwa adabu yake, akaniomba nilikague lile jiwe. Kulishusha na kulipima kungenichukua dakika tano. Nilikuwa na kazi mkononi, na zaidi ya kazi nilikuwa na kichwa kilichovimba. Nikamjibu mbele ya vijana wote kwamba mkono unazeeka, chuma hakizeeki. Watu wakacheka. Akacheka na yeye. Tangu siku hiyo, kila alichokishika mkononi alikiongezea sehemu ya kumi, akiamini kwamba mkono wake umeanza kumdanganya.

Miaka mitano iliyopita gari lilikamilika. Akajumlisha daftari: kilo mia tatu sabini na moja. Zilizidi thelathini na moja. Alirudia hesabu mara tatu, akatafuta kitu cha kutoa, na kila kitu kilikuwa kimeshatolewa. Kilichobaki cha kupunguza kilikuwa kiti cha pili na mtu wa kukikalia. Alikitoa kiti, akakikata, akakigeuza rafu ya vyombo vya jikoni, na shemeji akapanga sahani zake pale.

Akawa anakwenda peke yake. Alikwenda mara tatu kwa mama mkwe, akipeleka picha na salamu, na kila mara alirudi umeme ukiwa umebaki mwingi kuliko alivyotarajia. Shemeji alimuuliza kama hicho kilichobaki hakimtoshi na yeye. Alimjibu kwamba hesabu haichezewi, na mtu akikwama njiani na mke mgonjwa atamlaumu nani. Alikuwa sahihi kwa daftari lake. Daftari ndilo lililokuwa limedanganywa, na aliyelidanganya alikuwa anakula naye wali kila saa saba mchana.

Safari ya tatu, bibi yule alimpa mto. Aliushona kwa mkono, akaujaza pamba mwenyewe, akasema ni wa binti yake aukalie siku kiti kitakaporudi. Mzee Gramu aliushika. Mkono ukasema gramu mia tisa, akaongeza sehemu ya kumi kama alivyojizoeza, ikawa kilo moja kasoro kidogo. Akamshukuru mama mkwe na kumwambia atauchukua safari ijayo. Ameniambia mwenyewe kwamba bibi hakukasirika. Aliuweka tu juu ya kiti karibu na mlango, usisahaulike.

Safari ijayo ilikuwa ya msiba wake, miaka miwili iliyopita. Shemeji hakutaka kungoja ahadi ya mtu, alipanda basi. Alishuka mara mbili njiani kwa kutapika, basi la kwanza likamwacha, akapata la pili, akafika watu wameshazika na wameanza kutawanyika.

Mwezi uliopita afisa ubora alileta mawe ya kupimia yaliyothibitishwa. Tukaweka jiwe la kilo hamsini kwenye ile mizani, ikasoma hamsini na tano. Vijana wakacheka kwamba hata mizani imenenepa. Mimi niliinama, nikaliona jina langu chini ya jiwe, nikalikumbuka lile tundu. Sikumtazama Mzee Gramu kwa siku tisa. Siku ya kumi, Jumapili mchana, nilikwenda kwao na jiwe mfukoni.

Niliwakuta uani wakikunja nguo zilizokauka. Nilieleza yote, kuanzia tundu hadi kicheko. Mzee Gramu alilichukua jiwe, akafumba macho, akasema gramu mia tisa na kumi. Hakunitukana, na ningefurahi kama angenitukana. Alisema tu kwamba kumbe mkono wake haukuwa umezeeka. Shemeji aliniuliza swali moja: siku ile alipokuja kuniomba nikague, nilikuwa ninajua? Nikamwambia sikujua, ila pia sikutaka kujua. Aliingia ndani. Alipotoka, macho yake yalikuwa mekundu, akaniambia kwamba kama ofisi imenipa kuandika wasifu wa mume wake, niandike na hili, ili mtu mwingine akiombwa kukagua kitu ainuke akakague. Hakusema amenisamehe, nami sikumharakisha. Nimeandika.

Kamati ya wafanyakazi ilikuwa imeshaagiza saa ya ukutani, kama tunavyompa kila anayestaafu. Niliomba irudishwe, na nashukuru hakuna aliyebisha. Sehemu ya kukunja imetoa bomba, kina mama wa ushonaji wametoa turubai imara, mimi nimekereza bolti nne na kila moja nimeipima baada ya kuitoboa. Ni kiti. Jana tulikifunga kwenye Kitanda, tukalisukuma gari zima kwenye mizani mpya aliyoileta afisa ubora. Kilo mia tatu thelathini na nane. Shemeji, ambaye alikuja amefunga kitambaa kipya kichwani, aliuliza maana yake ni nini. Mzee Gramu akamwambia zimebaki kilo mbili. Kisha akageuka, akajifanya anatafuta spana.

Jumamosi, siku moja baada ya sherehe, wataondoka pamoja alfajiri. Mama hayupo tena wa kumwona binti yake akishuka anacheka, na hilo hakuna atakayelikereza upya, wala mimi. Nyumba ipo, kaburi lipo, na wifi wa shemeji ametuma ujumbe kwamba mto bado uko karibu na mlango, huwa anauanika juani kila mwezi.

Mzee Gramu, kiwanda kinakushukuru kwa kila muuguzi ambaye mgongo wake umeuokoa. Wapakiaji wanakushukuru, na mpishi anasema njoo ule wakati wowote, atakujazia sahani bila kupimiwa. Mimi nakushukuru kwa kuendelea kuja kwenye meza ya jirani yangu asubuhi ya Jumatatu ile, ukasema habari za asubuhi kama kawaida. Ustaafu wako uwe mrefu na mwepesi. Barabara iwe kavu, betri zikutii, na shemeji afike kwao akiwa na njaa ya mtu mzima. Chukueni mto wenu mrudi nao. Na tafadhali, ndugu yangu, usiupime.