Matroni Recheli Anajizoeza Kukaa Peke Yake
Na Tekla Limbu, Kidato cha Tatu, kwa niaba ya bweni

Tarehe 28 Juni mwaka huu Matroni Recheli Mathias atakabidhi funguo za bweni letu, baada ya kulitumikia kwa miaka thelathini na mmoja. Atarudi Choma, Igunga, kwenye nyumba aliyoanza kuijenga na marehemu mume wake. Hawakujaliwa watoto.

Alikuja hapa akiwa muuguzi kijana. Wakati huo, kama sasa, wasichana wa kidato cha kwanza walilia sana wiki za mwanzo, na mmoja akianza, bweni zima lilifuata. Matroni hakuwakemea. Baada ya chakula cha jioni aliwaketisha sakafuni, wakafumba macho na kuifuata pumzi inavyoingia na kutoka. Wazo likija, unaliacha lipite, unairudia pumzi. Chuoni alifundishwa hivyo kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu, naye akaona kwamba kukumbuka nyumbani nako ni maumivu.

Si wote waliomwelewa. Mama wa mwenzetu Hafsa, mfanyabiashara wa Mtendeni hapa Tabora, alikuja kuuliza kama binti yake anafundishwa ibada ngeni.

"Pumzi haina dhehebu, dada yangu," Matroni alimjibu. "Keti uone."

Mama Hafsa aliketi, akasinzia, akakoroma. Alipoamka alisema hajapata usingizi kama ule tangu aolewe, na hakuuliza tena.

Mwaka jana walikuja watafiti wa chuo kikuu. Walitaka kujua kukaa hivyo kwa miaka mingi kunabadilisha nini katika ubongo. Walimvalisha Matroni kofia yenye nyaya za kupima umeme wa ubongo, kisha wakamsikilizisha sauti ya mtoto anayelia. Matroni alitumaini kwamba hatashtuka tena. Akiwa peke yake chumbani, alishtuka kama wanawake wengine waliopimwa, na mawimbi ya umeme huo yakachelewa kutulia. Akaomba Hafsa, aliyemsindikiza, aingie akae karibu naye. Sauti iliporudiwa alishtuka vilevile, lakini mawimbi yakatulia upesi.

Daktari Nasri, aliyeongoza kazi hiyo, alituonya tusikimbilie majibu. Huenda Matroni alikuwa ameshaizoea sauti ile, na mtu mmoja si ushahidi. Bado wanaendelea kupima wengine.

Hata hivyo Matroni alirudi bwenini akiwa mnyonge.

"Kumbe kukaa kimya sijui," alituambia. "Nilichojua ni kukaa nanyi."

Sote tuliifikiria nyumba ya Choma. Tabora ni mji wa kupitia tangu enzi za misafara, na wasichana wa bweni hili nao hukaa miaka minne wakapita. Kila mwaka yeye ndiye aliyesimama getini kuwaaga.

Mwezi huu ameanza kujizoeza. Jioni huingia chumba cha kupigia pasi na kufunga mlango. Siku ya kwanza alitoka kabla hatujamaliza kuosha vyombo, akasema mle ndani kuna joto. Siku nyingine tulikwenda kukaa nje ya mlango wake, kimya kabisa, ili asijisikie mpweke. Mlango ukafunguliwa.

"Nawasikia mnavyopumua," alisema. "Na Najiat ana mafua. Nendeni mkasome, wanangu. Choma hamtakuwepo."

Tulikwenda, ingawa tulitaka kubaki. Jioni zilizofuata tulikaa kwenye vitanda vyetu, tukiutazama mlango ule kwa mbali. Mara nyingine alitoka mapema, macho yakiwa mekundu, akatusalimia kana kwamba ametoka safari. Jana kengele ya kulala ililia mlango ukiwa bado umefungwa. Hakuna aliyekwenda kubisha.

Asante, Mama, kwa kutulea. Uende salama. Tunakutakia nyumba yenye utulivu, na majirani wasiochoka kupiga hodi.