Mikono Yenye Mawese

Ndugu zangu wa Rumonge, amahoro, amani ya Bwana iwe kwenu! Mnanijua. Mimi ndiye yule dada wa kukaa nyumbani, ambaye sauti yake inajulikana na kuku kuliko majirani. Leo nimesimama mbele yenu kutoa ushuhuda na magoti yanauma, kwa hiyo sitaongeza chumvi.

Baiskeli nilijifunza ukimbizini, Tanzania. Tuliporudi nikawa nabeba mafuta ya mawese kutoka Gatete mpaka soko la Rumonge, bidon mbili, madumu makubwa, nyuma, najiona mwanaume. Mlimani nilifanya kama wabebaji wote wa njia yetu: lori likipita polepole unalishika nyuma, linakuvuta. Siku moja bidon ilivuja. Nikaikaza kizibo, nikapanda, lori likaja. Ndugu zangu, nikalishika na mikono iliyojaa mawese! Lori likaenda kwake, nami nikaenda kwangu, mtaroni. Mfupa wa bega ukavunjika.

Mfupa ulipona, woga haukupona. Nikisikia injini, natetemeka. Baiskeli ikaegemea ukuta wa jikoni, kuku wakalala juu yake. Na mama yangu mzazi yuko Magara, kwa kaka yangu mvuvi. Alikuwa anaugua na kuniulizia, nami natuma salamu: nitakuja wiki ijayo. Kisha essence, petroli ya magari, ikakosekana, mabasi yakasimama, nikafurahi moyoni, maana sasa nilikuwa na sababu ya heshima. Hapo ndipo kaka akatuma neno: mama hali tena chakula. Anasema atakula akiniona.

Jioni hiyo jirani yangu Mama Riziki, Mukongomani wa Uvira, akaniita kwake nisilie peke yangu. Televisheni ilionyesha mashindano ya baiskeli ya wanawake, kule Ufaransa.

"Weye mutu wa masomo," akasema, "tuambie wanasema nini."

Kifaransa changu cha sekondari kina kutu, lakini nilielewa. Watangazaji walikuwa wanamzungumzia Mfaransa mmoja wa nyuma nyuma. Ametumika miaka mingi katika kazi ile, na kazi yake si kushinda. Anarudi kwenye gari la timu, anajaza chupa za maji ndani ya nguo mgongoni, anazipeleka kwa wenzake walioko mbele. Aliwahi kuvunjika bega kama mimi, akarudi barabarani. Mara moja tu walimwachia akimbie kwa ajili yake mwenyewe, na siku hiyo akashinda.

Wakiwa bado wanamsifu, akaanguka. Nguo ikapasuka kiunoni, chupa zikatawanyika. Nikafumba macho.

"Fungua macho, weye. Iko anaokota chupa."

"Muongo."

"Angalia basi."

Kweli. Aliokota chupa kwanza, ndipo akapanda, akawafuata wenzake. Machozi yakanitoka. Mama Riziki akacheka: "Unamulilia muzungu, na mama yako iko Magara?"

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti, nikaomba maneno machache: Bwana, sitafuti kushinda. Nataka kufikisha chupa.

Asubuhi nikafukuza kuku, nikafunga bidon moja ya mawese ya Gatete, yale anayoyapenda mama. Mikono niliosha kwa sabuni kama daktari. Mlimani nikasikia lori nyuma yangu, nikakaza usukani. Mbebaji wa ndizi aliyelishika kwa nyuma, yuko juu ya baiskeli yake, akaniita: "Mama, shika! Huu mulima utakuua."

"Pita, baba. Nitafika."

Nikashuka, nikasukuma. Yule Mfaransa angenicheka sana. Lakini lori lilipita, nami nilikuwa bado nimesimama barabarani, na woga ukaondoka nalo. Bwana ni mwema!

Magara nilimkuta mama amelala mkekani. Akaniangalia, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Umekuja na basi gani?"

"Na baiskeli, mama."

"Na hilo bega?"

"Nimekuja nalo pia."

"Na mawese?"

Nikamwonyesha bidon. Akaagiza samaki apikwe. Alikula, akaomba aongezwe, akasema wifi yangu hajui kupika. Hapo tukajua amepona.

Murakoze, asante Bwana! Ndugu yangu unayeogopa barabara, au kitu kingine usichokitaja, hukuombwa kushinda. Mwamini Yesu, ufikishe ulichopewa. Baiskeli yangu iko nje, imeegemea ukuta wa kanisa. Anayetaka kujaribu aje aishike, ila kwanza anawe mikono.