Mzee Kumi na Tatu na Barua Isiyokuwa Yake

Ijumaa hii, tarehe thelathini na moja Oktoba, saa kumi jioni, Mzee Kumi na Tatu atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho katika karakana yetu ya magari ya zamani. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na sita na miezi minne ya kazi. Katika muda huo karakana imebadilisha paa mara mbili, mkurugenzi mara moja, na birika la chai sijui mara ngapi. Yeye hajabadilika, na wala hajaomba kubadilishwa.

Kamati ya sherehe iliniomba mimi, msimamizi wa karakana, niandike wasifu wake. Walisema nina maneno. Ni kweli ninayo, ila mengine nimeyakalia miaka kumi na mmoja, na leo nayatoa. Anayetaka sifa za Mzee atazipata, ni nyingi na hazina chumvi. Namwomba tu asome mpaka chini.

Jina lake la kwenye cheti wengi wenu hamlijui. Hata mkewe akipiga simu ofisini anauliza, "Kumi na Tatu yupo?" Mwaka wake wa kwanza alikuwa anaazima spana namba kumi na tatu kwa kila mtu, mpaka fundi mkuu wa wakati ule akamnunulia ya kwake. Akamwambia, "Shika hii, mwanangu, utuache tupumue." Mpaka leo anaiweka mfuko wa kifuani, pale watu wa ofisini wanapoweka kalamu.

Alianza kwa kuosha vipuri. Kazi yake ilikuwa beseni la mafuta ya taa na brashi, miaka mitatu mizima. Kisha akapewa breki, halafu injini, na injini hazikumtoka tena mikononi. Ndiye aliyelifufua lile gari dogo la rangi ya krimu lililoletwa kwetu likivutwa kwa kamba, kuku wametaga kwenye kiti cha nyuma. Lilimla miezi kumi na minne. Siku lilipowaka, mwenye gari, mama mtu mzima, alifungua mlango akakaa palepale alipokuwa akikaa utotoni nyuma ya baba yake, akalia mpaka tukazima injini tukidhani ni moshi.

Wateja wetu wengi ndivyo walivyo. Wanaingia getini, wananusa viti, wanaanza: magari ya zamani ndiyo yalikuwa magari! Mzee huwasikiliza kwa adabu zote, halafu anawavunja mbavu. "Acha utani, mama. Breki za gari hili ukizikanyaga leo, linasimama kesho." Hajawahi kuabudu kitu kwa sababu ni cha zamani. Anasema kikizeeka kimezeeka: mpira unapasuka, bati linaliwa na kutu, na magoti yake mwenyewe yanalia kuliko bawaba za geti.

Kinachomshangaza ni kitabu cha gari, kile cha mafundi kilichochapwa gari lilipotengenezwa. Gari limeoza, kiwanda kimefungwa, walioliunda wako kaburini. Lakini fungua ukurasa, fuata ulivyoambiwa, na nati inakaa. "Walioandika walikijua walichokitengeneza," anasema. Na hapo ndipo anapokatia kona kuingia kwenye Biblia yake. Nilishazoea, naiona kona ile ikija kutoka mbali.

Biblia yenyewe aliachiwa na mama yake. Inakaa droo ya juu ya sanduku la spana, imefungwa kwa kitambaa cha flana. Kurasa anazifungua kwa kidole cha mwisho, maana ndicho pekee kisicho na grisi, na bado kuna sura za Warumi ukizisogelea unasikia harufu ya giaboksi. Kila asubuhi, dakika tano kabla ya milango kufunguliwa, anasoma ukurasa mmoja kwa sauti. Halazimishi mtu. Fundi wetu wa rangi ni Mwislamu safi, na hukaa pale na kikombe chake akimchokoza: "Mzee, jana tulimwacha Yona tumboni mwa samaki. Katoka, au tumletee jeki?"

Sisi Wakristo ndio tunaopata vidonge vyetu. "Nyinyi mnaipenda kama wateja wanavyopenda magari yao," hutuambia. "Mnaifunika turubai, mnaitoa siku ya arusi na siku ya msiba. Gari ni la kuendeshwa." Yeye ameiendesha kila siku. Alimzika mwanawe wa kwanza, akarudi kazini siku ya tisa, akafungua palepale alipoishia, akasoma, na sauti haikutetemeka mpaka mstari wa mwisho. Anasema haijamwacha njiani hata mara moja, na mimi niliyemtazama miaka ishirini na mitatu nasema hivyohivyo.

Sasa nije kwenye lililoniketisha.

Waliofika juzijuzi huuliza kwa nini fundi kama huyu hakuwahi kuwa msimamizi. Jibu la ofisini ni barua ya onyo iliyo kwenye faili lake tangu miaka kumi na mmoja iliyopita. Jibu la kweli ni mimi.

Wiki ile lile gari jeusi tunalolikodisha kwa arusi lilikuwa linabadilishwa beringi za mbele, na kazi ilikuwa yangu. Gari lile, kama mengi ya umri wake, lina tabia moja: nati za tairi za upande wa kulia hukazwa kwa kuzungusha kulia, na za upande wa kushoto kwa kuzungusha kushoto, ili mwendo wa tairi usizifungue. Kwa hiyo habu ya kushoto, kile kitovu cha chuma tairi linapofungwa, haina haki ya kukaa kulia. Kitabu kinasema kwa herufi nene: kabla ya kuzitoa, zitie alama ya rangi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili kazini, nimeshika habu mpaka basi. Nisome nini tena? Nikazitoa zote mbili, nikaziosha beseni moja, nikazipanga mezani kama sahani, nikazirudisha. Ya kushoto ikaenda kulia, ya kulia ikaenda kushoto. Nilipokaza nati niliona zinakubali upande nisioutarajia. Nikajiambia, labda nimesahau mimi. Kitabu kilikuwa hatua sita kutoka niliposimama.

Kadi ya kazi lazima isainiwe na fundi mwandamizi. Mzee alikuwa chini ya gari lingine, inaonekana miguu tu. Akauliza kutoka hukohuko, "Mdogo wangu, ukurasa wa habu umeusoma?"

"Nimeusoma, Mzee."

Akatoa mkono, nikampa kadi, akasaini akiwa amelala chali. Hakuna aliyenilazimisha kusema neno lile. Lilitoka lenyewe, laini kama limetiwa oili.

Jumamosi, dereva wetu tunayemwita Polepole alikuwa anakwenda kumchukua bibi arusi. Kwenye mteremko akaona tairi linampita kushoto. Akasema peke yake, "Huyu naye anakimbilia wapi?" Halafu gari likainama, akajua ni lake. Tairi lilikata bustani ya watu likaenda kuegemea mlango wa kinyozi kama linasubiri zamu. Polepole hakuumia. Bibi arusi alifika kanisani kwa pikapu ya mjomba wake. Tulicheka wiki nzima, na mimi nilicheka nao, nikijua kwamba dakika ishirini baadaye binti yule angekuwa ndani. Katika yote niliyofanya, kicheko kile ndicho kinachonitia aibu zaidi.

Jumatatu mkurugenzi wa wakati ule, baba yake mama mkurugenzi wetu wa sasa, alituita wote uani, kadi mkononi. "Saini ya nani hii?"

"Yangu," Mzee akasema.

"Nani alifunga hizi habu?"

"Saini ni yangu, bosi."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nafuta kwa kitambaa spana iliyokuwa safi. Barua ya onyo ikaandikwa, ikasomwa palepale uani, watu wote wamesimama. Mwezi uliofuata nafasi ya usimamizi, ambayo kila mtu alijua ni ya Mzee, nikapewa mimi.

Tangu siku ile Mzee hajamuuliza fundi yeyote kama amesoma. Anasema, "Nisomee." Wewe unasoma kwa sauti, yeye anashika spana. Wengine wanadhani ni mambo ya kanisani, wengine wanadhani macho yamechoka. Macho gani? Yule anaona ufa mwembamba kama unywele. Utaratibu huo ndio uliotufanya tusipoteze tairi hata moja kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka juzi nilipewa cheti kwa ajili ya utaratibu huo, nikakipokea kwa mikono miwili. Ulianza kwa sababu ya uongo wangu.

Mtauliza kwa nini naungama leo. Mwezi uliopita usomaji wa asubuhi ulifika pale Bwana anapofundisha kwamba ndiyo ya mtu iwe ndiyo, na siyo yake iwe siyo. Haikuwa mara ya kwanza kuusikia mstari ule. Mzee akimaliza kitabu huanza upya. Miaka hiyo yote mimi ndiye niliyekuwa nabadilisha maelezo: nilikuwa na haraka, hakuna aliyeumia, Mzee mwenyewe hakulalamika. Kila mwaka toleo jipya. Maneno yale hayakusogea hata kidole. Yalikuwa palepale nilipoyaacha, na asubuhi ile nilichoka kuyazunguka.

Mchana nikamfuata. "Mzee, zile habu za gari jeusi..."

"Ulizibadilisha pande," akasema, huku anamenya chungwa. "Niliziona siku ileile gari liliporudishwa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Uongo ulikuwa wako. Saini ilikuwa yangu, na nilisaini kitu sijakiona. Kila mtu na mzigo wake." Akanipa nusu ya chungwa. "Ila umenichelewesha, mdogo wangu. Miaka kumi na mmoja nakuombea, unadhani haya magoti yameishia wapi?"

Nilimwomba msamaha, akasema alishanisamehe zamani. Kisha akaniambia jambo ambalo mafundi wote watalielewa: "Kuniambia mimi ni kukaza kwa mkono. Kamalizie kwa spana."

Nikapanda ngazi mpaka ofisini kwa Mkurugenzi. Alinisikiliza bila kunikatisha. Mwisho akasema, "Baba amekufa akiamini Mzee ndiye aliyemwangusha. Hilo utalirekebishaje?" Hilo siwezi kulirekebisha. Ni kitu nitakachokwenda nacho.

Akauliza, "Umekuja nikusamehe, au nirekebishe faili?"

"Faili, Mama. Msamaha nitausubiri."

Barua ya onyo imefutwa. Cheti cha kustaafu cha Mzee kitaandikwa Msimamizi Mkuu wa Karakana, kuanzia mwaka uleule aliostahili. Alipoambiwa alicheka mpaka akashika ukuta: "Miaka kumi na mmoja ya cheo na sijahudhuria kikao hata kimoja! Mungu ni mwema." Mimi niliomba kurudi kwenye benchi la mafundi, na Mkurugenzi amekubali. Kuanzia Jumatatu msimamizi wenu ni dada yetu fundi umeme, na mimi nitapokea kazi kutoka kwake kama wengine.

Kamati itanisamehe kwa kuingiza kwenye ratiba mambo ambayo haikuyaagiza. Barua ile ilisomwa mbele ya watu, kwa hiyo kuifuta hakuwezi kufanywa kimyakimya droo kwa droo. Ijumaa, kabla ya keki na hotuba, tutatoka sote uani. Barua mpya inayoifuta ile itasomwa, na atakayesimama kuisoma ni mimi.

Mzee wetu, asante kwa mikono yako, kwa utani wako, na kwa kila asubuhi uliyotusomea tukiwa bado na usingizi. Mama aliyekukopesha kwetu miaka yote hii tunamrudishia mume wake akiwa mzima, magoti tu ndiyo tunamwomba radhi. Siku zako za nyumbani ziwe nyingi, ziwe tulivu, na ziwe na wajukuu wa kuzichafua. Nenda kwa amani. Faili lako ni safi, na sasa kila mtu humu anajua kwamba halikuwahi kuwa na doa.