Mama Mkasi na Chipu za Mashuka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo sina haraka. Tunamkumbuka fundi cherehani wa kiwanda cha kufulia, kile kinachofua mashuka ya hoteli na hospitali. Wenzake walimwita Mama Mkasi, maana mkasi wake mdogo ulining'inia shingoni kutwa nzima. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Fundi cherehani, miaka sitini na mmoja.

Kazi yake ilikuwa kushona mashuka yaliyochanika. Siku moja kiwanda kikaleta chipu. Ni kidude kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kinashonewa ndani ya pindo. Shuka likipita mlangoni, mashine inalisoma yenyewe, bila mtu kuligusa. Inajua lipi limeingia na lipi limetoka. Kazi ikawa nyepesi, na hilo silibishi.

Aliyebisha ni Mama Mkasi. Mashuka yaliyochakaa yalichomwa kwenye shimo nyuma ya kiwanda, chipu zikiwa bado pindoni. Moshi ukawa mweusi, unakereketa koo. Majivu yakajaa nyaya nyembamba kama nywele. Na kila shuka jipya likaagiziwa chipu mpya. Mama Mkasi akamwendea meneja.

"Bosi, shuka ndilo lililokufa. Chipu bado nzima. Mnaizika ya nini?"

Meneja akacheka, akamwambia arudi kwenye cherehani yake.

Akarudi. Lakini huyo mama, jamani, alikuwa king'ang'anizi. Tangu siku hiyo, kila shuka la kwenda shimoni lilipitia kwake kwanza. Anafumua pindo, anatoa chipu, anaitia kwenye kopo la plastiki la biskuti chini ya meza. Miezi ikapita. Kopo likajaa. Na hapo ndipo alipoharibu.

Meza yake ilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye mashine ya mlangoni. Mashine ile haioni shuka, wasikilizaji. Inaona chipu. Ikawa inalisoma kopo na kusema mashuka mia nne yapo. Mia nne, yapo, kumbe yalishakuwa majivu. Hospitali ilipoyaagiza, kiwanda kikaitikia bila wasiwasi. Stoo ikafunguliwa, rafu tupu. Wagonjwa wa wodi mbili wakashinda siku nzima juu ya magodoro matupu.

Kopo likakutwa chini ya meza, Mama Mkasi akaitwa ofisini. Neno lililotajwa lilikuwa wizi. Akaambiwa aende nyumbani, kesho aje kuchukua barua yake.

Binti yake ameniambia hivi: "Mama alikaa jikoni na viatu vyake miguuni. Akasema, mwanangu, kazi nitapata nyingine. Lakini niondoke pale naitwa mwizi? Hapana."

Kesho yake hakuipokea barua. Akaomba meneja asimame mlangoni. Akalibeba kopo, akatoka nalo nje. Kioo cha mashine kikaandika: mashuka mia nne yametoka. Akarudi nalo ndani. Mia nne yameingia. Meneja akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wizi sijafanya," Mama Mkasi akasema. "Kosa nimefanya, na wagonjwa nitakwenda kuwaomba radhi mwenyewe. Ila umeona kwa macho yako. Zote zinafanya kazi."

Alikwenda kweli, kitanda kwa kitanda. Na meneja, tumpe haki yake, alikubali. Tangu hapo chipu ya shuka lililochakaa inafutwa kumbukumbu zake, kisha inashonewa shuka jipya. Matambara wanapewa mafundi wa gereji. Lile shimo limefukiwa.

Mimi mwenyewe niliwahi kumtembelea kiwandani, nikapewa kadi ya mgeni ya kupitia mlangoni. Wakati wa kuaga akanyoosha kiganja. "Kadi ya mgeni, mwanangu. Ninyi watu wa redio mna mikono mirefu." Kadi nilikuwa nayo mfukoni. Niliona haya, na leo nikikumbuka nacheka.

Siku ya mazishi, wenzake walileta koti lake la kazi, wakataka liwekwe juu ya jeneza. Koti hilo nalo lilikuwa na chipu kwenye kola, iliyosomwa na mashine kila asubuhi akiingia. Binti yake akalishika, akalipapasa. Akatoa mkasi wa mama yake, akafumua kola taratibu. Jeneza likaondoka na koti. Chipu ikabaki kiganjani mwake.

"Hii bado nzima," akasema, akampa meneja.

Kwa binti yake, kwa dada yake, na kwa wote wa kiwandani, tunawapa pole, na tunalia nanyi. Nasi tuliobaki, tufungue droo zetu. Tuangalie zile kadi na vidude tulivyovichoka, tujiulize kipi kimekufa kweli.

Jumatatu hii fundi mpya ameanza kazi. Chipu ile imeshonewa koti lake, na kwa majonzi hakuna aliyekumbuka kufuta kumbukumbu zake. Dada mmoja anayepiga pasi pale kiwandani ameniambia, fundi huyo mpya alipopita mlangoni, chumba kizima kiliacha kazi. Kioo kiliandika: Mama Mkasi ameingia.